Kipimo kimoja cha baruti kwa bunduki mbili za .30-06

Swali

Shikamoo kaka, na salamu kwa wote mlioko Minnesota na majimbo jirani. Mimi na shemeji yangu tuna bunduki za kuwindia kulungu, zote za kaliba ya .30-06, kampuni moja na modeli moja, ila yake ilitengenezwa miaka kadhaa kabla ya yangu. Nimejifunza kujaza risasi nyumbani, yaani kutia upya fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa, na nimepata kipimo kinachopiga vizuri sana kwenye bunduki yangu. Je, naweza kumjazia na yeye kwa kipimo hichohicho kabla ya msimu wa Novemba?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Nakuomba usimpe hata moja kwanza. Kipimo ulichokipata ni cha bunduki yako, si cha kila .30-06. Kifaa cha kuchongea chemba (tundu la bunduki ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa) huchakaa na kunolewa tena kiwandani, kwa hiyo chemba za mwanzo hutoka pana kidogo kuliko za mwisho, na mitutu nayo hupishana kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Viwango vya SAAMI, taasisi ya Marekani ya watengenezaji wa bunduki na risasi, vinaruhusu tofauti hizo, lakini risasi ya .30-06 inafanya kazi kwa shinikizo linaloweza kufika pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, na hapo tofauti ndogo si ndogo tena.

Yalinikuta mimi. Nilikuwa nikikaza shingo tu ya ganda, bila kurudisha nyuma bega lake (pale ganda linapoanza kubana kuelekea shingoni), kwa sababu ganda lililokwisha kupigwa kwenye bunduki yangu lilikuwa limeshachukua umbo la chemba yangu. Nikampa mwenzangu risasi tano. Tatu zilikataa kabisa kufungwa na komeo la bunduki yake. Ya nne ilifungwa kwa nguvu, na alipokwisha kuipiga ilimbidi aligonge komeo kwa kiganja ndipo lifunguke. Fataki ilikuwa imelala bapa kama sarafu, na kwenye kitako cha ganda kulikuwa na alama ndogo ya duara inayong'aa, mahali ambapo shaba ilisukumwa ndani ya tundu la pini ya kutupia maganda. Hiyo ya tano hatukuipiga.

Hata hivyo, kipimo kimoja kinaweza kuzifaa bunduki zote mbili, mradi kitafutwe kwa ajili ya zote mbili. Rudisha ganda zima kwenye kalibu (chuma cha kulirudishia umbo lake), na bega ulirudishe hadi lifae chemba iliyo fupi zaidi. Urefu wa risasi nzima uufuate mtutu ambao mifereji yake (ile ya ndani inayozungusha kichwa cha risasi) inaanza karibu zaidi na chemba, kwa kuwa kichwa cha risasi kikigusa mifereji kabla ya kupigwa, shinikizo hupanda. Na usidhani kwamba bunduki yenye chemba fupi ndiyo hiyo hiyo yenye mifereji ya karibu. Kisha anza upya kutoka kipimo cha chini kilichoandikwa kwenye mwongozo, upande kidogo kidogo ukipiga kwenye bunduki zote mbili, na bunduki itakayoonyesha dalili ya kwanza ya shinikizo kubwa mno, kama zile za risasi yangu ya nne, ndiyo iamue mwisho wa zote. Pengine utapoteza usahihi kidogo kwenye yako. Kwa kulungu aliye mita 100 msituni, naona hiyo si hasara.

Maganda ya bunduki hizo mbili yasichanganywe. Ganda lililofupishwa kwa ajili ya chemba fupi hurefuka kila linapopigwa kwenye chemba ndefu, na baada ya kujazwa mara kadhaa huanza kukatika karibu na kitako. Mimi huchukua waya wa klipu ya karatasi, naukunja ncha, naupitisha ndani ya ganda; ukikwama kwenye mfereji wa ndani ya ukuta wa ganda, ganda hilo ni la kutupwa. Na shemeji lazima arekebishe darubini yake mwenyewe, maana risasi zilezile zitatua mahali tofauti.

Nyongeza kutoka kwa dada

Kaka zangu, kabla ya baruti tuangalie vibali. Sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujaza risasi kwa matumizi yake bila leseni, lakini kuzifanyia biashara kunahitaji leseni. Aliye hapa kwa viza ya muda, hata ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji au aingie katika msamaha mwingine wa sheria.

Swali

Ahsanteni sana. Sote wawili tuna ukaazi wa kudumu. Shemeji ana maganda ya zamani ya kijeshi. Je, nayo niyaanzie kipimo cha chini?

Jibu

Ndiyo, na uyahesabu kuwa ni mapishi mengine kabisa. Maganda ya kijeshi mara nyingi yana kuta nene, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo, na baruti ileile huleta shinikizo kubwa zaidi. Kila boksi liandike bunduki, aina ya ganda, baruti, uzito wake na tarehe. Boksi lisilo na maandishi usilipige, hata kama unakumbuka ulilijaza lini.