Friza ya samaki ya sola: volti 12 au volti 24?

Mvuvi wa Kipungani
Assalamu alaikum ndugu zangu. Ninakusudia kununua friza ya kuhifadhia samaki itakayotumia umeme wa jua, hapa Kipungani, kabla ya kaskazi kuingia. Betri ni mbili. Fundi mmoja anataka kuzifunga sambamba zitoe volti 12, na mwingine anashikilia zifungwe mfululizo zitoe volti 24. Friza yenyewe inapokea zote mbili. Naomba ushauri.

Fundi wa Barani
Wa alaikum salaam. Ndugu, swali lako halijibiki namna lilivyo. Friza inavuta ampea ngapi? Kutoka betri hadi friza kuna mita ngapi, na waya ni wa unene gani? Akiba ya betri hizo ni ile ile ukizifunga vyovyote, kwa hiyo tofauti yote imo katika hayo uliyoyaacha.

Mvuvi wa Kipungani
Kibandiko kinasema ampea 6 kwa volti 12. Betri zitakaa nyumbani na friza itakuwa bandani, mita 15 hivi. Waya uliopo ni wa milimita 2.5 za mraba.

Maalim Fizikia
Sasa tunaweza kupiga hesabu. Nguvu ni volti mara ampea, kwa hiyo friza hii inatumia wati 72. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba una ukinzani, yaani kiasi unavyouzuia mkondo, wa takriban omu 0.0172 kwa kila mita. Na kwa kuwa mkondo huenda na kurudi, mita 15 zako ni mita 30, ambazo kwa waya wa 2.5 zinatoa omu 0.206. Zidisha kwa ampea 6 na utaona volti 1.24 zinapotea njiani, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wako, na wati 7.4 zinaishia kuupasha moto waya. Kompresa nyingi za namna hii hujizima volti zikishuka hadi 10 au 11 ili kulinda betri, kwa hiyo friza inaweza kusimama ilhali betri bado ina chaji.
Kwa volti 24 mkondo ni ampea 3 tu. Upotevu unakuwa volti 0.62 na wati 1.9, robo ya ule wa kwanza, kwa sababu joto la waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe.

Binti Shela
Maalim, kwa heshima zote, hapo nina shaka. Volti 12 ukigawanya kwa ampea 6 unapata ukinzani wa omu 2. Tukiipa friza hiyo volti 24, mkondo si utakuwa ampea 12 na nguvu wati 288? Si itaungua?

Maalim Fizikia
Hesabu yako ni sahihi kwa jiko la koili, ambalo ukinzani wake haubadiliki sana. Kompresa hii ina sakiti inayochukua wati zile zile inazohitaji, iwe volti 12 au 24, hivyo kwa volti 24 utapima ampea 3 na ukinzani utaonekana kuwa omu 8. Kwa sababu hiyo hiyo, volti zikipungua njiani kompresa huongeza mkondo, na upotevu wa waya unazidi tena.

Mkaazi wa Watamu
Mnahesabu waya na kusahau viungo. Friza yangu ya volti 12 ilikuwa ikizima kila usiku, na fundi wa kwanza akaniuzia betri mpya bila ya kupima chochote. Ilizima vilevile. Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, aliweka maltimita pande mbili za kiungo kimoja kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, friza ikiwa inavuta ampea 6, na mita ikasoma volti 1.5. Maana yake ni ukinzani wa omu 0.25, na wati 9 za joto mahali padogo kuliko ukucha. Tulipofungua utepe, shaba ilikuwa kijani kwa chumvi na plastiki imeyeyuka. Kwa sisi tulio pwani, nunueni waya wa shaba uliopakwa bati na mbane viungo kwa koleo lake.

Kaskazi Baridi
Mwatesekea nini? Nunua inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa volti 240, na friza ya kawaida ya volti hizo. Wati 72 ni ampea 0.3, na waya wowote unatosha.

Fundi wa Barani
Inveta nayo inakula umeme usiku kucha hata kompresa ikiwa imelala, na friza ya kawaida huvuta mkondo mkubwa sana inapowaka. Mimi namshauri abaki na volti 12, kwa kuwa taa na chaja za simu dukani ni za volti hizo, ila aweke waya wa milimita 6: ukinzani unashuka hadi omu 0.086 na upotevu hadi volti 0.52. Ahadhari tu na waya wa alumini uliopakwa shaba, maana ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu na kwa macho haujulikani mpaka uukwangue.

Binti Shela
Kwani betri haziwezi kukaa bandani karibu na friza, waya mrefu ukawa ule wa kutoka kwenye paneli?

Maalim Fizikia
Zinaweza, na huenda ikawa rahisi kuliko yote, ikiwa paneli zina volti za juu na kidhibiti chaji kinazikubali. Ndugu Mvuvi, paneli zako ni za volti ngapi?

Mvuvi wa Kipungani
Paneli bado sijanunua. Na banda hilo, maji ya bamvua hufika mlangoni.