Naomba ushauri: mashine ya pinboli, umeme na vumbi la Dodoma
Ndugu zangu, nawasalimu. Hapa Kisasa, Dodoma, nimetenga chumba cha michezo nyumbani, na fahari yangu kubwa ni mashine ya pinboli kutoka Marekani (mchezo wa kurusha gololi ya chuma kwenye ubao ulioinama na kufunikwa kwa kioo), ambayo watoto wa jirani huja kuichezea kila Jumamosi. Kwa kuwa iliundiwa umeme wa volti 120 na hezi 60, ilhali wetu ni wa volti 230 na hezi 50, naitumia kwa transfoma ya kupunguza umeme, lakini transfoma hiyo huwa ya moto sana baada ya nusu saa. Vumbi la kiangazi nalo hupenya chini ya kioo, na gololi ya chuma inapobiringika juu yake hukwaruza ubao wenye michoro, jambo linaloniumiza mno. Je, ninunue transfoma yenye uwezo mkubwa zaidi, na ubao niusafishe kwa kitu gani bila kufuta rangi?