Naomba ushauri: niondokeje kwenye kwaya kwa amani?

Sauti ya Tatu: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niko Kimara, mwalimu msaidizi wa kwaya ya usharika. Ameletwa kijana kutoka nje, akapewa ualimu mkuu, wakati sauti zote nne nimezifundisha mimi. Nataka kuondoka nianzishe kikundi. Barua niipeleke kwa mchungaji au kwa wazee?

Mzee wa Tabata: Kwa mchungaji, nakala kwa mwenyekiti wa kwaya. Unaondoka peke yako?

Sauti ya Tatu: Kuna wachache wananipenda.

Mama Neema: Wangapi? Na kundi la WhatsApp kafungua nani?

Sauti ya Tatu: Kumi na mmoja. Nimefungua mimi, lakini wao ndio walioniomba. Fedha za kurekodi, 1,400,000, ziko kwenye simu yangu. Ukumbi Ubungo nimeshalipia 200,000 humo humo. Nitarudisha.

Mwinjilisti Mstaafu: Mtumishi, soma 2 Samweli 15. Absalomu, aliyemwasi baba yake Mfalme Daudi, hakuanza na upanga. Aliamka asubuhi, akasimama kando ya njia ya langoni, kila mwenye kesi akamwambia kwa mfalme hakuna wa kukusikiliza, laiti mwamuzi ningekuwa mimi. Lango lako ni hilo kundi. Na tazama Luka 22: mstari wa 21 Yesu anasema mkono wa msaliti uko mezani, wa 24 wanafunzi wanabishana nani mkubwa. Meza ile ile! Sisi tunahesabu vipande 30 vya Yuda, ubishi ule tunauruka.

Kijana wa Mwenge: Wakuu, hii chai, stori ya kutunga. Mwalimu anashikaje fedha wakati kwaya ina mhazini? Kuna mtu anamchafua mwenzake hapa.

Sauti ya Tatu: Mhazini alihamia Dodoma. Si chai.

Mzee wa Tabata: Iwe chai isiwe, aanze na Mathayo 18.

Mama Neema: Mathayo 18:15 ni ya aliyekosewa, mzee wangu. Aliyekosa ana Mathayo 5:23-24: aache sadaka, akapatane kwanza. Ndugu, rudisha 200,000 leo. Toa taarifa ya miamala tangu mchango wa kwanza, kabidhi fedha mbele ya mwenyekiti na mzee mmoja, msaini nakala mbili. Kundi lifunge kwa ujumbe mmoja, na usieleze upande wako; ukieleza tu, wale kumi na mmoja umewarudisha vitani. Barua baadaye, kama bado unaitaka.

Mwinjilisti Mstaafu: Huyo kijana aliyepewa ualimu mkuu, kuna siri yake uliyoitoa?

Sauti ya Tatu: Aliniambia shida ya ndoa yake. Nikamfikishia mzee wa kanisa. Nilidhani nalinda huduma.

Mama Neema: Kabla ya kulipia ukumbi, au baada?

Sauti ya Tatu: Wiki ile ile. Jumamosi mazoezi ni saa kumi. Yeye hufika saa tisa kupanga viti. Nitamkuta.

Mwinjilisti Mstaafu: Nenda. Usiseme "kama nimekukosea". Litaje kosa lenyewe, kisha mshike viti pamoja.