Naomba ushauri: nimfundisheje mwanangu kumheshimu mwenzake mwenye ualbino?

Ndugu zangu, katika darasa la tatu analosoma mwanangu hapa Mwanza amehamia mtoto mwenye ualbino, na mwanangu amekataa kuketi naye dawati moja kwa sababu ameambiwa na wenzake kwamba hali hiyo inaambukiza. Nimemweleza kwamba ualbino hauambukizi, bali hurithiwa kutoka kwa baba na mama, na kwamba huifanya ngozi ikose rangi ya kuikinga na jua na kuyapunguzia macho uwezo wa kuona, ndiyo maana mwenzake huvaa kofia pana na kuketi karibu na ubao. Ameelewa, lakini sasa anamwonea huruma tu, na huruma hiyo, kwa maoni yangu, bado si heshima.

Kanda hii ya Ziwa imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa imani za kishirikina, hivyo siwezi kulichukulia jambo hili kama utoto. Je, niialike familia hiyo nyumbani, au mtoto atajiona ameitwa ili atazamwe? Na nizungumzeje na mwanangu kuhusu mauaji hayo bila kumtia hofu? Walimu na wazazi, na hasa ninyi wenye ualbino, naomba mnielekeze.