Naomba ushauri: ruzuku ya mwaka mmoja kutoka mfuko wa familia

Habari zenu wakuu. Nipo kwenye NGO ndogo Tanga, tunafundisha ushonaji mabinti walioacha shule. Mfuko wa hisani wa familia moja ya Marekani umetukubalia ruzuku ya miezi 12, na wamesema wazi hairudiwi. Inazidi shilingi milioni 20, hivyo kwa kanuni za 2018 mkataba unatakiwa ufike Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10. Hilo mhasibu analo.

Tunabishana kwenye matumizi. Wenzangu wanataka tuajiri walimu wawili. Mimi naona fedha ya mwaka mmoja ni ya cherehani na ukarabati wa chumba. Mwakani mishahara tutalipa na nini? Ila wafadhili wanataka idadi ya wahitimu, na cherehani haifundishi yenyewe (hapo wenzangu wamenibana kweli).

Waliowahi kupata ruzuku za aina hii, mligawaje? Mkataba wa miezi 10 kwa mwalimu una shida gani kisheria? Na kodi ya pango, umeme, bando: mliviingizaje kwenye bajeti bila kukatwa?