Nataka kuwapeleka wazee hoteli ya kisiwani kwa miaka 40 ya ndoa, nisaidieni kabla sijatuma pesa

Kifunguamimba_Vihiga
Wadau habari zenu. Mimi niko Kisumu ila nyumbani ni Vihiga, tumezaliwa watano na mimi ndio mkubwa kwa hivyo haya mambo yote yameniangukia. Wazee wetu wanafikisha miaka 40 ya ndoa Desemba hii na tumekubaliana safari hii hakuna kuchinja ng'ombe na kukodisha hema na kulisha kijiji kizima, tunataka waende wao wawili tu mahali watulie, wahudumiwe, mama asipike na mzee asiamkie kukamua. Dada yangu anayenifuata akaleta wazo la hizi hoteli za kisiwa, zile unavushwa na boti halafu kisiwa chote ni cha hoteli, akatupa picha kwenye grupu ya familia na tangu siku hiyo mama ameshatangazia kanisa lote, kurudi nyuma hakuna.

Sasa kuna hoteli mbili za Pwani zimenijibu. Moja inasema bei ni ya fulubodi, ingine inasema kila kitu kimo ndani, na hii ya pili iko juu karibu mara mbili. Mimi naona chakula ni chakula bana. Mzee ni Mkwekeri wa Kaimosi, pombe hajawahi hata kuinusa, mama ni mtu wa soda ya Krismasi, sasa mbona niwalipie baa?

Ingine ni kwamba mzee ana sukari na goti la kulia linamsumbua. Na ni mtu wa ugali, jioni asipokula ugali anakwambia hajala hata umpe nini. Mama yeye atajaribu chochote. Hoteli peke yake tumeiwekea laki mbili unusu, usiku tatu, nauli iko kando. Kama umeenda ama umefanya kazi huko niambie hizo pesa zinalipia nini hasa na nini kitakuja kudaiwa siku ya kuondoka.

NyarSeme
Hongera kwa wazee kwanza, 40 si mchezo. Hiyo bei ni ya kichwa ama ya chumba? Na ni ya wakaazi? Hoteli nyingi za hivyo ziko na bei mbili, ya wageni wa nje kwa dola na ya wakaazi kwa shilingi, na usiposema wewe ni Mkenya saa zingine unatumiwa ya dola na wananyamaza. Wazee wabebe vitambulisho. Halafu ni tarehe gani Desemba, maana ikikaribia Krismasi bei inapanda na kuna mahali wanakuongezea ada ya karamu ya mkesha, utake usitake.

Kifunguamimba_Vihiga
@NyarSeme ni ya chumba, watu wawili, wakaazi. Harusi ilikuwa tarehe 6 kwa hivyo Krismasi tunaikwepa.

JikoNaMoshi
Kaka mimi kwetu ni Butere lakini nimepika kwa hoteli ya kisiwa huko Pwani, jina siweki. Nikueleze vile inaenda.

Fulubodi maana yake ni milo mitatu basi. Vinywaji viko kando, na vinywaji si pombe tu, mahali pengi hata maji ya chupa mezani yanaandikwa kwa bili, soda inaandikwa, dafu linaandikwa, kahawa ya baada ya chakula pia. Ukiwa hoteli ya kawaida Diani ukiona soda yao ni ghali unatoka geti unavuka barabara unanunua dukani, lakini kisiwani utavuka uende wapi? Na joto la Desemba huko si la Vihiga, mzee wako atakunywa maji siku nzima na mama akishaonja juisi ya ukwaju atataka ingine saa kumi. Hakuna mtu atakuwa amewadanganya, ni vile tu kila kitu unachogusa kimepanda boti na mtu amekilipia.

Hiyo ya kila kitu ndani kwa kawaida inabeba milo, vinywaji vya kawaida, vitafunio vya saa kumi, kuvushwa kuja na kurudi, mitumbwi ya kupiga kasia na miwani ya kuangalia samaki. Masaji haimo. Kuzamia na mitungi haimo, kwenda kuvua bahari kuu haimo, pombe za majina makubwa hazimo. Na angalia sana kamba koche, yaani lobsta, yule hata kwa ya kila kitu mara nyingi anapimwa kwa kilo na kulipiwa kando, mhudumu atamtaja kwa sauti tamu na mama atasema ndio kabla hajauliza bei. Mwambie mapema.

Ugali usikuhangaishe. Unga wa mahindi kisiwani haukosekani kwa sababu wafanyakazi wenyewe wanakula ugali, huko wanaita sima, na wakaazi wa kisiwa cha hoteli kwa kweli ni wafanyakazi, wageni wanapita tu. Mgeni akiomba tunampikia na sisi tunafurahi, ila aseme mchana, sio saa tatu usiku jiko limeshageuzwa. Kuna mzee mmoja aliletwa na wanawe, meza imewekwa mchangani, vitambaa vyeupe, taa za mafuta pande zote, akaletewa sahani kubwa ina kipande cha samaki saizi ya kiberiti na mchuzi umechorwa kando, akauliza mhudumu kwa adabu sana kama hiyo ni ya kuonja. Tulicheka jikoni mpaka basi lakini dakika chache baadaye alikuwa na sima na changu mzima wa kupaka, nazi imekolea, akakunja mikono ya shati. Wanawe walimaliza vile visahani vyao na wakaanza kumwombaomba.

Hoteli kubwa zinaweka bafe, hapo mzee atajichagulia mwenyewe. Zile ndogo shefu anapita mezani baada ya chai ya asubuhi anakwambia leo wavuvi wameleta nini, pweza ama kole ama kamba, mnakubaliana. Hiyo ndiyo saa ya kusema mzee ana sukari, lakini isiwe ndiyo mara ya kwanza wanasikia, waandikie kabla hajafika ili wapange. Akishuka tu kwa boti atapewa glasi ya juisi ya kumkaribisha na ile ni tamu kweli, wamwekee dafu ama maji ya ndimu. Na chakula cha jioni mahali pengi kinaanza saa moja unusu kinakuja kidogokidogo sahani baada ya sahani, kama anadunga sindano kabla ya kula anaweza kudunga halafu akae akingoja. Waombe aletewe mapema na kwa mara moja.

DadaWaMilimani
@Kifunguamimba_Vihiga hizo picha za dada yako ni za wapi? Nauliza kwa sababu zile zinazozunguka Wasapu nyingi ni za Mnemba, kisiwa kidogo upande wa kaskazini mashariki wa Unguja karibu na Matemwe, na pale hamfiki. Ni mabanda 12 tu, ya makuti na mikeka, watu wanatembea peku tangu wanashuka mpaka wanaondoka, kasa wanatagia mayai ufukweni hapo hapo, na bei ni zaidi ya dola 1,000 kwa kila mtu kwa usiku. Laki mbili unusu haimalizi usiku moja kwa wazee wawili. Ama ni za Thanda, ile ya upande wa Mafia, hiyo ndio hata chumba kimoja hukodishi, unakodisha kisiwa kizima. Sasa mama asije akafika kwingine akangojea vitu vya picha.

Kwa Kenya hii inayojulikana ni Chale, kusini ya Diani. Sehemu ya kisiwa ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wadigo, na kitu ambacho mzee atakipenda ni kwamba maji yakijaa unavushwa na boti, yakikupwa unavushwa na trekta. Trekta kabisa, inakata kwa maji ikivuta trela la watu.

Kifunguamimba_Vihiga
😂😂 Ni Mnemba. Nimemuuliza saa hii amekiri alizitoa mtandaoni na hajui ni wapi. Lakini trekta mzee ataelewa. Swali, goti lake litapanda hilo trela?

JikoNaMoshi
Uliza hoteli ina ngazi za aina gani, boti na trekta zote mbili. Kuna visiwa hamna gati, boti inasimama karibu na ufuo na mgeni anavua viatu anashuka kwa maji ya magoti. Kijana ataona ni raha, mzee wa goti bovu huku wimbi linamsukuma si raha. Waambie mapema wataleta watu wa kumshika, hiyo ni kazi yao ya kila siku. Na saa ya kuvuka si yenu kuamua, maji ndio yanaamua, kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa hivyo waulize tarehe yenu maji yanajaa saa ngapi ndio ukate tiketi ya gari ama ndege, usikate kwanza halafu wazee wakae ng'ambo saa nne wakingojea bahari. Chumba kiwe karibu na mahali pa kulia, kiwe chini. Njia za kisiwani ni mchanga mtupu na mchanga unachosha goti kuliko mlima.

Mkaazi_wa_Naka
Mnateseka na Pwani ya nini? Kutoka hapa Nakuru mpaka Kampi ya Samaki ni barabara tu, Ziwa Baringo, unavushwa hadi Ol Kokwe, kuna kambi nzuri kisiwani, chemchemi za maji moto, ndege wa kila aina. Hakuna habari za kupwa na kujaa. Pesa inabaki.

NyarSeme
@Mkaazi_wa_Naka na mamba umewasahau ama wako likizo

Mkaazi_wa_Naka
Wazee hawaendi kuogelea, wanaenda kukaa.

Kapteni_Mbita
Mimi navusha watu huku Mbita, visiwa vya Ziwa Victoria. Bwana Vihiga uko Kisumu, unapita Luanda K'Otieno unapanda feri mpaka Mbita, Rusinga siku hizi ni daraja unapita na gari lako, Mfangano na Takawiri ndio unachukua boti. Takawiri kuna mchanga mweupe na minazi, mtu ukimwonyesha picha atakwambia ni Malindi. Rusinga wazee wataona kaburi la Tom Mboya, Mfangano kuna michoro ya kale kwenye mwamba pale Kwitone. Na hapa ugali hauombwi, unakuja wenyewe na ngege mzima kichwa na mkia, hakuna sahani ya kuchorwa.

Nikuambie na ubaya wake. Kuogelea ziwani siwezi kukushauri, kichocho kiko, watumie bwawa la hoteli. Mbu wa jioni wako na malaria huku ni ya ukweli, chandarua kisikose. Na wavuke asubuhi, mchana upepo unaamka na boti inarukaruka. Mwenye boti asiye na laifujaketi za watu wote shuka, hata kama umeshalipa.

Kifunguamimba_Vihiga
Kapteni asante sana, na mimi peke yangu ningeenda kwako kesho. Shida ni mama. Hajawahi kuona bahari maisha yake yote, ziwa analiona kila akija Kisumu kununua samaki. Nikimwambia tumebadilisha ni Takawiri atasema sawa mwanangu, na ile sawa ya mama naijua.

Bwana_Hesabu
Basi ni bahari, tufunge hiyo. Mimi ningefanya hivi, nikatae ya kila kitu, nichukue fulubodi halafu niwaandikie niulize kama wanaweza kuweka maji, soda, juisi na chai kwa bei moja ya siku kwa watu wasiokunywa pombe. Desemba mapema hawajajaa, kuna mahali watakubali. Wakikataa omba menyu ya vinywaji wakutumie picha, piga hesabu ya mzee na mama kwa siku kisha uzidishe mara tatu, linganisha na ile tofauti. Kwa watu wasiokunywa pombe nina uhakika fulubodi itashinda, hata na bei za kisiwani. Ya kila kitu inalipa kwa watu wa bia na wanaokaa kwa mtumbwi siku nzima.

Halafu uliza kama bei imeshabeba VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 na ada ya huduma, maana zikija zote mwisho zinauma. Bakshishi huwa kuna sanduku moja mapokezi la wafanyakazi wote, wape wazee pesa taslimu kidogo. Na pesa ya hoteli itumwe kwa akaunti yenye jina la hoteli, sio kwa namba ya simu ya mtu anayejiita wakala.

JikoNaMoshi
@Bwana_Hesabu ametoa maana. Na hilo sanduku tunagawana mpaka sisi wa jikoni, watu hawajuangi.

Mkaazi_wa_Naka
Mi nangoja tu kusikia mzee alilalaje bila ng'ombe.

Kifunguamimba_Vihiga
Wadau hii ndio ninawatumia hoteli zote mbili leo jioni, nionyesheni nimeacha nini:

"Habari. Ni wazee wawili, Wakenya, tarehe 6 Desemba, usiku tatu, ni miaka 40 ya ndoa yao. Naomba kujua kama fulubodi inabeba maji ya kunywa na chai ya saa kumi, kama mnaweza kuweka vinywaji visivyo pombe kwa bei moja ya siku, kamba koche anauzwaje, kuvushwa ni bure ama kunalipiwa, siku hiyo maji yanajaa saa ngapi na ngazi za boti zikoje kwa mtu mwenye goti bovu. Baba ana ugonjwa wa sukari, anahitaji friji chumbani ya dawa na kula kabla ya saa moja jioni, na anaomba ugali kila usiku pamoja na samaki mzima. Chumba kiwe chini karibu na mahali pa kulia. Bei iwe na kodi zote ndani."

DadaWaMilimani
Iko sawa sana. Kwa friji uliza stima iko usiku kucha, kuna visiwa wanazima jenereta wakibaki na sola na friji zote zinalala.

NyarSeme
Na ongeza, kama mzee atazidiwa saa nane usiku maji yakiwa yamekupwa wanamtoaje? Boti ama trekta, na hospitali ya karibu ni gani. Wakichelewa kujibu hilo moja, tafuta ingine.

Kifunguamimba_Vihiga
Nimeongeza zote mbili. Natuma.