Naomba ushauri: kupima mzunguko wa shimo jeusi na laptop ya RAM 4, inawezekana?

Kijana_wa_Ngongona: Wakuu habari za usiku, niko mwaka wa mwisho fizikia hapa Dom, nimemwambia supavaiza nataka projekti ya kupima shimo jeusi linazunguka kasi gani, akacheka akaniuliza darubini yako iko wapi, nikakosa jibu. Nimesoma juu juu kuhusu galaksi NGC 1365, kwamba mwaka 2013 walitumia satelaiti za eksirei NuSTAR na XMM-Newton wakakuta shimo la pale kati linazunguka kwa angalau asilimia 84 ya kiwango cha juu kabisa. Sasa shimo halitoi mwanga, linapimwaje? Na boom ndo hivyo tena, nibadili mada au nikomae?

Zabibu_Chachu: Wenzio Nkuhungu tunapima kina cha kisima, wewe shimo la mbinguni 😂 nakaa siti ya mbele

Fundi_Spektra: Dogo komaa. Hupimi shimo, unapima chuma kilichomo kwenye gesi inayolizunguka. Eksirei zikiipiga ile gesi chuma kinang'aa kwenye keV 6.4 (keV ni kipimo cha nishati ya eksirei), maabara ungeona mstari mwembamba kama sindano. Ila gesi ikiwa karibu na shimo mvutano unaunyang'anya mwanga nishati, sindano inageuka kilima kwenye grafu, kulia kwenye nishati kubwa kimekatika ghafla, kushoto kina mkia mrefu unashuka hadi keV 5, 4 huko. Mkia ndo habari yenyewe. Shimo lisilozunguka lenye uzito wa jua milioni 2, kama la NGC 1365, gesi inazunguka salama mpaka kilomita milioni 18 hivi kutoka katikati, ikivuka hapo inadumbukia. Shimo likizunguka kwa hiyo asilimia 84, upande uleule na gesi, ukingo unasogea mpaka kama milioni 8. Kwa hiyo mkia mrefu = gesi imekaribia = shimo linazunguka.

Kijana_wa_Ngongona: Aisee! Ila si wanasema hata mawingu ya gesi yakikaa mbele yanaweza kutengeneza mkia huo?

Fundi_Spektra: Umesoma kumbe. Ndo ubishi uliokuwepo, chini ya keV 10 maelezo yote mawili yanafiti. NuSTAR inafika keV 79, huko juu yanaachana na mawingu peke yake yakashindwa. Sasa darubini ziko juu tayari, data ziko bure HEASARC, hifadhi ya data ya NASA, XSPEC, programu ya kuchambua eksirei, nayo bure, weka Linux, RAM 4 itahema ila itafika. Fiti kwanza, yaani linganisha modeli rahisi na data, ukiruka keV 4 mpaka 7, halafu rudisha hicho kipande uchore uwiano wa data kwa modeli, kilima kitajitokeza chenyewe. Mpelekee supavaiza hiyo grafu kabla hujaongea. Na kichwa cha projekti andika "kurudia kipimo", usiandike umepima wewe, hapo ndo watu huaibika siku ya kuprezenti.

Zabibu_Chachu: Dogo nina laptop ya RAM 8 imekaa tu ghetto, njoo PM

Kijana_wa_Ngongona: Nakuja mkuu, faili la kwanza limefika asilimia 12 bando limekata 😭